Mzigo Aliotwishwa Anne

Tukisikia neno "mama wa kambo" wengi wetu huwaza mwanamke mkali anayemnyima mtoto chakula. Ipo hadithi ya Ufaransa ambamo mama wa kambo mtarajiwa ndiye anayeumizwa.

Kitabu hicho, Bonjour tristesse, yaani salamu kwa huzuni, kilitolewa Paris mwaka 1954, na mwaka huohuo kikapata Tuzo ya Wahakiki. Mwandishi wake, Françoise Sagan, alikuwa binti wa miaka 18, na hicho ndicho kitabu chake cha kwanza. Mwandishi mkubwa Mkatoliki, François Mauriac, alikisifu kipaji chake, lakini akamwita zimwi dogo lenye kupendeza.

Cécile ana miaka 17. Mama yake alifariki zamani, naye baada ya shule ya bweni anaishi na baba yake Raymond, mgane anayebadilisha wanawake. Baba na binti ni marafiki wa starehe. Wakiwa likizoni kando ya Bahari ya Mediterania pamoja na Elsa, hawara wa Raymond, anafika Anne, rafiki wa marehemu mama. Raymond anaamua kumwoa.

Anne anataka mema. Cécile amefeli mtihani, hivyo asome, tena aachane na kijana Cyril. Siku moja anamfungia chumbani. Binti anaona ananyang'anywa baba na uhuru. Anapanga njama: Elsa na Cyril wajifanye wapenzi ili Raymond aone wivu. Raymond ananasa. Anne anamkuta akimkumbatia Elsa, anaondoka kwa gari akilia, na gari linatumbukia gengeni. Kama ni ajali au alikusudia, hakuna ajuaye.

Ni rahisi kumlaumu Cécile. Lakini Raymond je? Miaka yote alikuwa baba wa kucheza tu. Siku nidhamu ilipohitajika, ilitoka kinywani mwa mgeni.

Sisi wauguzi tunawaona akina Anne wodini. Wanakesha na mtoto mwenye homa, wanamlisha uji kwa kijiko, na bado ndugu wakifika huuliza, "Mama yake yuko wapi?" Nyumbani nako baba akitaka mtoto akemewe, humwambia mke, "Hebu sema naye."

Baba na aseme mwenyewe. Amri ngumu zitoke kwake, mbele ya wote, tangu siku ya kwanza. Mama mpya apewe nafasi ya kupendwa kwanza, maana haraka haraka haina baraka. Nasi shangazi, majirani na wanakikundi, tusimpime kwa marehemu. Tumuulize, "Wewe mwenyewe umekula? Umelala?"

Mwishoni mwa kitabu baba na binti wanarudia starehe zao. Ila alfajiri, Cécile akiwa kitandani, jina la Anne humjia. Huyo mama alistahili kuitwa hivyo akiwa hai.