Ufundi Nilioupata Kambini

Nimezaliwa Mocímboa da Praia, kaskazini mwa Msumbiji, katika nyumba ya Wamwani, na kazi yangu ni ufundi wa maji. Natoa ushuhuda huu kwa kijana yeyote wa pwani yetu, kuanzia Quionga hadi Pemba, aliyemaliza chuo akajikuta hana pa kuanzia.

Nilimaliza chuo cha ufundi mwaka 2019. Wakati huo macho ya vijana wa kwetu yote yalikuwa Afungi, karibu na Palma, kwenye mradi wa gesi wa dola bilioni 20. Lakini vita vilikwisha kuingia mjini kwetu tangu tarehe 5 Oktoba 2017, na havikutusubiri tupate kazi. Juni 2020 mji ulivamiwa tena. Tulipanda mashua usiku, wazee na watoto wachanga, tukapita visiwani hadi ufukwe wa Paquitequete, Pemba. Agosti mji mzima ukawa mikononi mwa waasi. Mama alikuwa ameokoa Msahafu na sufuria. Mimi nilikuwa na cheti changu ndani ya mfuko wa nailoni.

Pemba ndugu walitupokea, Mungu awalipe, ingawa wenyewe walikuwa wamejaa. Nikaanza kuzunguka maofisini. Kila mahali nilisifiwa cheti, kisha nikaulizwa uzoefu. Machi 2021 Palma ikashambuliwa, na mwezi uliofuata kampuni ya Total, ambayo sasa ni TotalEnergies, ikasimamisha mradi wa Afungi. Mlango tuliouwekea matumaini yetu yote ukafungwa. Jioni nilichelewa kurudi nyumbani makusudi, kwa sababu sikuweza kumtazama mama usoni.

Nafuu ilinijia Metuge, ambako waliokimbia vita walikuwa wamepewa viwanja. Nilikwenda kumjulia hali mama mdogo. Nilikuta pampu ya mkono imeharibika, ndoo na madumu yamepangwa foleni tangu kabla ya alfajiri, na mzee mmoja wa Kimakonde anaifungua. Nikamwamkia, nikamweleza kwamba nimesomea maji.

“Vizuri, mwanangu,” akasema. “Basi shika spana.”

Pampu ile ilikuwa Afridev. Chuoni nilisoma kwamba ilijaribiwa Kwale, pwani ya Kenya, miaka ya 1980, na kwamba iliundwa ili wanakijiji waitengeneze wenyewe, kwa spana moja, bila kungoja gari kutoka mjini. Siku hiyo niliyaona maneno hayo kwa macho. Mzee alivuta fito moja baada ya nyingine hadi pistoni ikatoka, akaupitisha mpira wake kwenye kidole gumba, akanipa nami niuguse. Mchanga ulikuwa umeulainisha ukingo wote. Tulipokwisha kuubadilisha akanishikisha mpini, akanifundisha kusikiliza. Ukipiga pampu kwa muda mrefu ndipo maji yatoke, vali ya chini inavuja na maji yamerudi kisimani. Yakitoka upesi lakini membamba, tafuta mpira wa pistoni. Hayo yote aliyajua kwa mkono na sikio.

Nilimwomba anichukue. Hakuwa na mshahara wa kunipa, wala mimi sikuudai. Tulikula alichopewa na watu wa pale, mihogo siku nyingine, samaki siku nyingine. Naye akawa ananiuliza ya vitabuni: kwa nini pampu hii isishushwe zaidi ya meta 45, kwa nini kisima kisichimbwe karibu na choo. Kila mmoja wetu akawa mwalimu wa mwenzake.

Kazi ile ilinifunza pia kuishi na watu. Kambini kulikuwa na Wamwani, Wamakonde na Wamakua, kila mmoja na msiba wake, na kisima ni kimoja. Nilijifunza kukaa kimya kwenye kikao cha kamati ya maji hadi kina mama wamalize kusema, maana wao ndio wanaoshika mpini kutwa, na ugonjwa wa pampu huujua kabla ya fundi. Nilijifunza kuwaeleza watu hesabu ya vipuri hadharani, metikali kwa metikali, ili pasizuke maneno.

Jambo jingine nililolifanya ni kuandika. Kila pampu ilikuwa na ukurasa wake katika daftari: kina cha kisima, kilichoharibika, kilichobadilishwa, bei yake, na jina la anayeitunza. Shirika moja la misaada lilipotafuta fundi wa visima, aliyenihoji alikiangalia cheti mara moja, kisha akasoma daftari ukurasa kwa ukurasa. Nikapata mkataba wangu wa kwanza. Yule mzee nikamwombea naye aajiriwe, na nashukuru walikubali.

Mji wetu ulikombolewa Agosti 2021, na watu walipoanza kurejea mwaka 2022 nami nikarudi. Nilikuta pampu zimeng'olewa mipini na visima vimetupiwa takataka. Leo ninaposhughulika navyo huwa na vijana wawili watatu pembeni, wasichana kwa wavulana, na kila mmoja ana daftari lake.

Ndugu yangu uliyemaliza chuo, elimu yako si bure, usikubali kuambiwa hivyo. Lakini tafuta mtu anayeifanya kazi yako vizuri, hata kama hakusoma, umsaidie mpaka akuamini. Andika unachokifanya. Na ninyi mnaoajiri, mashirika na makampuni mnaorejea kwenye pwani hii, msituombe uzoefu ambao hamjatupa nafasi ya kuupata. Mwekeni kijana mmoja kando ya kila fundi mnayemleta. Vita vilitunyima miaka mingi. Hamna haja ya kutuongezea mingine.