Haba na Haba Huvuta Gari

Ardhi ya Noonkopir, mahali ambapo wengi sasa hupaita Kitengela, ni udongo mweusi wa mfinyanzi. Kiangazi hupasuka nyufa. Mvua zinyeshapo huvimba na kunata, na gari lenye mapipa ya maji likizama humo, watu watano hawalitoi kwa kulisukuma.

Ndipo mwenye winchi ya mkono aonapo faida yake. Hufunga ncha moja kwenye shina la mgunga uliokomaa, ya pili kwenye chesisi, kisha huvuta wenzo mbele na nyuma. Kila avutapo, jino hushika gurudumu, na kamba ya chuma husogea kidogo tu. Nguvu hiyo hulipiwa kwa subira. Akifunga kapi garini, mvuto huwa karibu mara mbili, na mwendo hupungua nusu. Mabaharia wa pwani walilijua jambo hilo tangu zamani, maana ndivyo walivyopandisha foromali ya jahazi.

Lakini mwenye haraka hurefusha wenzo kwa bomba, au hufunga winchi kwenye nguzo ya seng'enge. Kamba iliyokazwa hukaa kimya. Ikikatika huruka kama mjeledi, na yaweza kuua. Kwa hiyo mwenye busara hukagua nyuzi zake kwanza, huitandikia gunia zito juu, na huwaondoa watoto waliokuja kutazama. Gari likikawia matopeni hata jioni, hasara ni ya siku moja. Mtoto aliyepigwa na kamba harudishwi na winchi yo yote.