Ng'ombe wa Bijombo, noti za Kinshasa

Baba hakulaza noti nyumbani. Tuliteremsha ng'ombe kutoka milima ya Bijombo, tukauza Uvira, na kabla jua halijazama feza zote zilikuwa zimekwisha geuka chumvi, sabuni, vitenge, na mtamba zikibaki za kutosha. Hakuwa mbishi bure. Desemba 1979 utawala wa Mobutu ulifuta noti za zaire 5 na 10, watu wakapewa siku chache kuzibadilisha. Kwetu, kushuka tu mjini kwa miguu kulimaliza siku.

Sarafu ya zaire ilizaliwa 1967 ikiwa na thamani ya dola 2. Mwanzoni mwa 1993 ilitoka noti ya milioni 5. Wafanyabiashara wa Kinshasa wakaikataa, na askari waliolipwa kwayo wakapora mji. Mwaka 1994 bei zilipanda karibu mara mia. Sisi tulipatana bei ya fahali kwa dola au kwa faranga za Burundi, mpaka wake ukiwa pale pale Kavimvira.

Franka ya Kongo iliyokuja 1998 nayo ilianza kuyeyuka, kwa sababu vita ililipiwa kwa kuchapa noti. Ndipo Mei 2001, Joseph Kabila akiwa na miezi michache madarakani, bei rasmi ya dola ikaachiwa: kutoka franka 50 hadi zaidi ya 300. Waziri wa fedha Matungulu na gavana wa benki kuu Masangu walishika neno moja, serikali itumie kile ilichokusanya tu. Naamini hapo ndipo ugumu ulipokuwa, maana wakubwa wenye ankara walikuwa wengi na tena walikuwa na bunduki. Mfumuko wa bei uliozidi asilimia 500 mwaka 2000 ulishuka hadi takriban 16 mwaka 2002.

Uvira ilikuwa mikononi mwa waasi wa RCD, amri za Kinshasa hazikutuhusu. Ila bei ya chumvi ilianza kukaa soko hadi soko, na baba akaanza, kwa shingo upande, kulala na franka.

Matungulu alijiuzulu 2003. Kuanzia 2016 franka iliteleza tena. Na ng'ombe, walioshinda mfumuko wote ule, hawakushinda bunduki: katika mapigano ya miaka hii milimani waliporwa kwa maelfu. Waliokimbilia Uvira, wale wenye akiba, wanaiweka kwenye simu, kwa dola.