Aliyevunjika Naye Aulizwe

Hapa kwetu Moshi kijana akivunjika mguu, jamaa hufanya baraza. Babu asema apelekwe kwa mganga wa viungo huko mlimani; mama alia kwamba hataki mwanawe apasuliwe; ami ahesabu fedha. Mwenye mguu amelala kimya, hapana amwulizaye.

Ndivyo ilivyokuwa kwa mwana wa dada yangu, mwendesha bodaboda, aliyevunjika mfupa wa paja katika mteremko wa Kibosho siku za masika. Ngozi haikupasuka. Daktari alitueleza njia mbili. Ya kwanza, mguu uvutwe kwa uzito, naye alale kitandani wiki sita au zaidi. Ya pili, apasuliwe na kupachikwa chuma ndani ya mfupa, kazi aliyoianza daktari Mjerumani, Gerhard Küntscher, mwaka 1939. Huyo huweza kusimama kwa magongo baada ya siku chache. Kuvutwa huonekana rahisi kwa fedha, lakini hesabuni wiki sita za chakula, nauli ya mwuguzaji, na kazi iliyolala. Chuma nacho kina hatari yake, maana usaha ukiingia mfupani ni maradhi mazito.

Nikamwuliza, "Mwanangu, wewe wataka nini?"

"Mjomba, pikipiki ni ya mkataba, mwenyewe angoja hesabu yake. Tena nataka goti likunjike, nisujudu kama watu."

Daktari akasema goti lililonyooshwa muda mrefu hukakamaa lisipozoezwa. Kijana akachagua chuma. Dada yangu alinuna siku mbili.

Lakini pana mahali ambapo hatupaswi kukaa baraza. Mfupa ukitoboa ngozi, kidonda chataka kusafishwa hospitali upesi. Na banzi la mganga likikazwa hata vidole vikafa ganzi na kugeuka rangi, lifunguliwe saa ile ile, kwani nyama hufa, na mguu hukatwa. Aliyekatwa naye asikate tamaa: pale KCMC, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971, pana chuo tangu mwaka 1981 kifundishacho mafundi wa viungo bandia.

Imesimuliwa kwamba Urwa bin Zubeir, mwanachuoni wa Madina, alikubali mguu wake ukatwe, ila alikataa kinywaji cha kumpoteza akili. Aliulizwa, akajibu. (Sisi wa leo tuna sindano ya ganzi, hapana haja ya kujitia ushujaa.)

Wala msidhani kupasuliwa kwamfaa kila mtu. Bibi mmoja jirani yangu alianguka kihambani, akavunjika kifundo cha mkono. Wanawe wa Dar es Salaam walipiga simu wakitaka apasuliwe. Yeye akasema ataka kushika tasbihi na kumenya ndizi, basi. Kwa wazee, mkono wa namna hiyo mara nyingi hufanya kazi vizuri hata ukiunga umepinda kidogo. Daktari akamridhia, akamfunga plasta, na jioni ile akarudi kwake Machame.