Asali ya Viungo na Kilichomo Ndani ya Chupa

Mwenyezi Mungu Mtukufu amemtaja nyuki katika Kitabu Chake, na Sura nzima ya 16 ikaitwa kwa jina lake: An-Nahl. Katika Aya ya 68 na ya 69 tunaelezwa kuwa nyuki aliongozwa na Mola wake afanye nyumba milimani, mitini na katika yale wanayoyajenga watu, na kwamba tumboni mwake hutoka kinywaji chenye rangi mbalimbali, ambacho ndani yake mna ponyo kwa watu. Aya inayotangulia, ya 67, inataja matunda ya mitende na mizabibu, kwamba watu hupata humo kileo na hupata humo riziki njema. Tunda ni lile lile, na yatokayo ndani yake ni mambo mawili. Msomaji aliweke hilo moyoni, kwa sababu limetufika hapa petu Madale, tena kwa njia ya asali.

Wakazi wa zamani wa pande hizi za Kinondoni wanaikumbuka Madale ya mashamba. Leo nyumba zimesogeleana, na nyingi zina mama anayeuza kitu mlangoni pake: maandazi, barafu, ubuyu, na siku hizi asali ya viungo. Asali yenyewe hutoka bara, katika misitu ya miombo ya Tabora, Singida na Katavi, ikaletwa kwa madumu. Akina mama huitia pilipili, tangawizi, mdalasini na iliki, wakaigawa katika chupa ndogo. Wapo wanaodhani kuwa jambo hili ni la kuigwa kutoka nje. La hasha. Sisi watu wa pwani tumezoea tangu utotoni kukutanisha utamu na ukali: embe bichi kwa chumvi na pilipili, ubuyu unaowasha, kahawa chungu kwa kashata.

Kuitengeneza si kazi ngumu. Kwa nusu lita ya asali, chukua pilipili kichaa zilizokaushwa, tano au sita, kijiti kimoja cha mdalasini, iliki nne zilizopondwa na karafuu mbili. Usiibandike asali motoni. Weka chombo chake ndani ya sufuria ya maji ya moto yaliyokwisha kuepuliwa, asali ilainike, kisha tia viungo, funika, uache kwa wiki moja, ndipo uchuje. Moto mkali huipotezea asali harufu yake, nayo harufu ndiyo nusu ya ladha. Na asali ikiganda usimshuku muuzaji; hata asali safi huganda, na maji ya moto huirudisha.

Ama matumizi yake, ni mengi. Kuku wa kuchoma apakwe asali hiyo akikaribia kuiva, kwa maana ikipakwa mapema huungua na kuwa chungu. Changanya kijiko kimoja na maji ya limau na chumvi, umpake samaki aliyekwisha kukaangwa. Mihogo ya kukaanga, ambayo tumezoea kuila kwa chachandu, ijaribiwe pia kwa asali ya pilipili na limau. Wakati wa kufuturu, maboga na viazi vitamu vya tui hupendeza vikitiwa asali ya iliki mahali pa sukari. Chai ya tangawizi itiwe asali ikiwa kikombeni, si ikiwa jikoni. Juisi ya ukwaju huipokea vizuri asali ya mdalasini, na maziwa ya moto huipokea pamoja na manjano kidogo kabla ya kulala. Hata tangawizi ina heshima yake: katika Sura ya 76, Aya ya 17, watu wa Peponi wameahidiwa kinywaji kilichochanganywa nayo.

Sasa nirejee kwenye lile la kileo. Asali iliyoiva ndani ya sega haiharibiki kwa wepesi kwa kuwa maji yake ni machache. Kiwango cha kimataifa kinataka yasizidi asilimia 20. Vijidudu vya hamira vimo ndani yake, lakini vimelala kwa kukosa maji. Mtu akitia tangawizi mbichi iliyotwangwa, pilipili mbichi au maji ya limau, akaiacha chupa kabatini, amevipa maji hayo. Baada ya siku kadhaa, katika joto letu hili la Dar es Salaam, asali hutoa povu, kifuniko huvimba na harufu hugeuka. Asali ya nyuki wadogo wasiouma ina maji zaidi, kwa hiyo huwahi kuchacha. Huko bara kuna pombe iitwayo wanzuki, nayo msingi wake ni huo huo: asali, maji na siku chache.

Jirani yangu mmoja, mjane mwenye watoto watatu, alipatwa na jambo hili wiki mbili kabla ya Ramadhani. Alikuwa na chupa ishirini na nne za asali ya tangawizi mbichi, na wateja wawili wa Tegeta walikuwa wamekwisha kulipa. Akaniletea moja.

"Shikamoo, mama. Hebu onja, mbona inauma ulimi na pilipili sikutia?"

"Marahaba, mwanangu. Hii imechacha."

Alinyamaza kitambo. Kisha akasema kuwa muuzaji mwenzake amemshauri aichemshe, aongeze pilipili na mdalasini kwa wingi, hapana atakayetambua. "Mama, mtaji wangu wote umo humu."

Mimi si mwanachuoni, sikumtolea hukumu. Nilimwuliza tu, "Hao wa Tegeta wanainunua wapate kufuturia. Je, ungekuwa radhi wajue ulivyoifanya?"

Jioni ile aliimwaga yote shimoni nyuma ya nyumba, akawarudishia wawili wale fedha zao. Sitasema kuwa riziki ilimfungukia kesho yake. Mwezi ule aliuza maandazi kwa unga wa mkopo, na watoto walikula kwa taabu.

Ndugu msomaji, swali lake si jipya. Bwana Mtume (S.A.W.) aliulizwa kuhusu al-bit', kinywaji cha asali iliyochacha walichokuwa wakinywa watu wa Yemen. Jibu lake, lililopokewa na Bi Aisha (R.A.) na kuandikwa katika Sahihi ya Bukhari, ni kwamba kila kinywaji kinacholevya ni haramu. Asali aliipenda mwenyewe, wala utukufu wake haukuikinga na hukumu hiyo. Na siku nyingine alitia mkono ndani ya rundo la nafaka ya muuzaji, vidole vikakuta majimaji chini. Muuzaji akasema ni mvua. Bwana Mtume akamwuliza kwa nini hakuiweka nafaka iliyolowa juu, watu waione.

Hapo ndipo ilipo amana ya mwenye kutengeneza asali ya viungo. Pilipili na mdalasini vina nguvu, huweza kufunika ladha ya asali iliyochacha au iliyotiwa sukari, na mnunuzi hana mkono wa kutia chini ya rundo. Basi anayetengeneza ya kuuza atumie viungo vikavu na chombo kikavu. Anayetaka tangawizi mbichi atengeneze kidogo kidogo kwa matumizi ya nyumbani, aiweke kwenye friji, iishe katika siku chache. Awaambie wateja pia kuwa mtoto asiyetimiza mwaka mmoja hapewi asali kabisa, kwani yaweza kumdhuru vibaya. Mwenye kisukari akumbuke kuwa asali nayo ni sukari. Na mwenye vidonda vya tumbo aiache ile ya pilipili.

Mwenye kuyatimiza hayo huenda akauza chupa chache kuliko jirani yake. Tusimwache peke yake. Sisi wanunuzi tumwulize muuzaji ametia nini na lini, na tukimkuta mkweli tununue kwake, hata kama bei yake imezidi kidogo. Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali, na awape subira wale wanaoimwaga haramu hali wana njaa. Amin.