Mizani ya Pumzi

Ushairi wetu huhesabiwa kwa vidole, lakini haukutungwa kwa vidole. Kwa muda sasa nimejipa kazi ya kuuchunguza kwa koo langu: nachukua ubeti wa tarbia niliotunga mwenyewe, nikaughani kwa mahadhi matatu, nikainasa sauti, kisha nikasikiliza. Huo nao ni utafiti, ingawa chombo chake ni mapafu.

Kilichonishughulisha zaidi ni herufi M. Neno "mja" lina mizani 2, na wanafunzi hulikariri hilo bila kuambiwa sababu. Likighanwa, sababu hujitokeza: mghani hufumba midomo, M ikavuma puani kwa kitambo kile kile apewacho irabu. Katika "mbele" haivumi. Hupita pamoja na be. Mahadhi ya haraka huificha tofauti hiyo. Mahadhi ya kuvuta huianika.

Na pale ukwapi unapokutana na utao, mizani 8 kwa 8, ndipo mghani avutapo pumzi. Mtunzi anayelikata neno hapo humkaba mwenzake.

Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka 1728, umetufikia kwa maandishi. Sauti za walioughani mwanzo hazikutufikia. Diwani za leo nazo hazitaji mahadhi. Mahadhi yangu ya pili nilifunzwa na mzee aliyeyarithi kwa mjomba wake, hayakuandikwa popote. Kijana mmoja anajifunza kwangu. Tayari anayavuta kwa namna ambayo mzee yule asingeikubali. Nimemnasa hivyo hivyo.