Kutoka Mengo Hadi Kasubi

Lango la Bulange, jengo linamokutana baraza la Buganda, linatazamana na lango la kasri ya mfalme juu ya kilima cha Mengo. Barabara inayoyaunganisha inaitwa Kabakanjagala. Kando yake zimesimamishwa alama za koo za Baganda, kila ukoo na mnyama, ndege au mmea ambao ni mwiko kwao kuula. Katikati ya barabara kuna mzunguko wa magari. Bodaboda na teksi huuzunguka, ila ndani yake mna njia iliyonyooka yenye lango, na lango hilo hufunguliwa kwa ajili ya mtu mmoja. Kabaka hapindi njia. Akienda kwenye baraza lake, Lukiiko, hupita katikati.

Nilifurahi kuanzia hapo, maana mzee aliyenitembeza alitaka nilijue hilo kabla ya mengine. Kiswahili chake alikiokota Mwanza alipokuwa mfanyabiashara wa samaki, na alipojua natoka Pangani akashika pindo la kanzu yake akacheka: hii, alisema, mlituletea ninyi. Ni kweli. Wafanyabiashara kutoka pwani na Unguja walifika kwa Kabaka Suuna II tangu miaka ya 1840, na mwanawe Mutesa I alijua Kiswahili na akasoma maandishi ya Kiarabu. Leo Muganda haendi kuposa bila kanzu.

Ndani ya ukuta wa kasri, nyumba ya Twekobe hutazamwa kwa nje tu. Tarehe 24 Mei 1966 majeshi ya Milton Obote, yakiongozwa na Idi Amin, yaliishambulia. Kabaka Mutesa II, ambaye ndiye aliyekuwa rais wa kwanza wa Uganda, aliruka ukuta akatoroka hadi Burundi, kisha Uingereza. Mwaka uliofuata falme zote zikafutwa kwa katiba mpya, na kasri ikawa kambi ya askari. Mzee alinishusha bondeni hadi kwenye mahandaki ya zege ambamo watu walifungwa na kuuawa zama za Amin. Vyumba havina dirisha. Sakafu ya njia ilijazwa maji na kutiwa umeme ili mfungwa asithubutu kutoka. Kutani zimebaki alama za viganja. Sikukaa sana mle, na sidhani kama mtu anapaswa kukaa sana. Lakini anayeletwa Mengo akaonyeshwa bustani peke yake, amenyimwa nusu ya habari.

Ziwa la Kabaka liko karibu. Lilichimbwa kwa mikono katika miaka ya 1880 kwa amri ya Kabaka Mwanga II, aliyetaka njia ya maji itakayomfikisha Ziwa Viktoria siku ya hatari. Mfereji haukukamilika. Waingereza walimkamata mwaka 1899, wakampeleka uhamishoni Shelisheli, akafia huko 1903.

Mwanga yuko Kasubi sasa, na Kasubi ndiko nilikotaka kufika tangu mwanzo. Mabaki yake yalirudishwa 1910, yakalazwa karibu na baba yake Mutesa I. Baadaye wakaongezwa Daudi Chwa II na Mutesa II. Huyo wa mwisho alifariki London mwaka 1969, na aliyemrudisha nyumbani mwaka 1971 ni Idi Amin, yule yule aliyeongoza shambulio la Mengo.

Tuliingia kwa Bujjabukula, nyumba ya walinzi. Mimi nilijifunga khanga juu ya sketi, kwani mwanamke hapiti hapo bila vazi refu. Mbele kuna uwanja mpana, uliozungukwa na nyumba ndogo za wanawake wanaotunza mahali hapa kwa niaba ya wajane wa wafalme. Mwisho wake inasimama Muzibu Azaala Mpanga: nyumba ya duara yenye upana wa mita 31, paa la nyasi limeshuka karibu kugusa ardhi. Ndani yake dari inashikwa na pete 52 za nyasi na makuti, moja kwa kila ukoo. Nyuma ya pazia la nguo ya gome la mti ndipo penye makaburi, lakini Baganda hawasemi makaburi. Wanasema huko kuna msitu, Kibira, na mfalme ameingia msituni.

Nyumba hiyo iliungua usiku wa tarehe 16 Machi 2010. UNESCO ilikuwa imeitambua kuwa urithi wa dunia tangu 2001. Baada ya moto iliiweka kwenye orodha ya zilizo hatarini, ikaitoa mwaka 2023. Miaka 13! Nilimuuliza mzee kwa nini muda wote huo. Akaniambia kwamba fedha zilipatikana, wageni walitoa, hata watoto walichanga, lakini paa la Kasubi haliezekwi na kila fundi. Ni kazi ya ukoo wa Ngeye, wenye mwiko wa mbega. Nguo ya gome nayo ina watu wake, ukoo wa Ngonge: gome la mutuba huvuliwa wakati wa mvua, shina likavikwa majani ya mgomba lisikauke, kisha gome likapondwa kwa nyundo za mti hadi lipanuke na kulainika. Jua hulipa rangi ya udongo mwekundu. Mti hauuawi, huota gome jingine la kuvuliwa.

Ndipo nilipoelewa moto ule ulitishia nini. Miti na nyasi vinakatwa upya. Waezekaji wazee wakifa kabla hawajafundisha, hakuna orodha ya urithi itakayoezeka paa lile.

Nikauliza kama vijana wa Ngeye wanajifunza. “Wengine wako shuleni, wengine wako kwenye bodaboda,” alisema mzee. “Ila paa lilipokuwa likiezekwa walipanda na baba zao, na paa hili litataka nyasi mpya tena.” Basi la wanafunzi likawa limefika langoni, akanipungia mkono akaenda kuwaambia wavue viatu.